Jina Lililoonwa na Mashine Moja

Benchi letu liko Mbulu mjini, limeegemea kibanda cha Philomena muuza kahawa. Ng'ambo ya barabara kuna kituo cha macho ambacho jina lake nitaliacha, maana bado tunaishi nacho. Ubao wa benchi ulikuwa wa tela la shamba la ngano kule Hanang. Niliununua mwenyewe siku shamba lilipobinafsishwa na kila kitu kikauzwa, hadi bawaba za milango. Nilikuwa dereva wa kombaini pale, na Kombaini ndilo jina nililobaki nalo, ingawa siku hizi nauza vocha na betri za redio. Waliuza shamba wakasema tutanufaika. Wakaukata mkoa wa Arusha wakatupa mkoa wetu wa Manyara, wakasema sasa ndiyo tutanufaika kabisa. Mpaka leo nimenufaika na ubao. Basi ukipita siku yoyote ya baridi, na hapa kwetu baridi ni nyingi, utatukuta tumejipanga juu yake na makoti yetu, vikombe mkononi, tukibishana juu ya mambo tusiyoyajua.

Onesphory tunamwita Bunge, kwa sababu hakuna hoja inayopita bila yeye kuichangia, na akichangia lazima apachike methali, iingie isiingie. Wolfgang ni Waya, fundi wa redio na simu, na karakana yake imeshikana ukuta na kile kituo. Gidabuday hutoka Getanuwas kuleta ng'ombe mnadani, na kabla ya kurudi kwao hukaa nasi kidogo, fimbo katikati ya magoti. Wa mwisho ni Mzee Isidori wa Nambis. Yeye hana jina la utani. Mtu anayesema machache ni vigumu kumtania.

Ijumaa ninayoisimulia ilikuwa siku ya mwisho ya madaktari wa upasuaji wa macho, wale wanaokuja mara mbili kwa mwaka, wanakaa wiki moja, wanaondoka. Mke wa Isidori, Marieta, ana presha ya macho. Ugonjwa huo haupigi kelele. Unakula nuru polepole kutoka pembeni kuja katikati, na kilicholiwa hakirudi. Madaktari walipokuja masika aliandikishwa pale dirishani, akapewa karatasi yenye namba, na kesho yake jina lake halikuwepo. Wote walioandikishwa siku ile hawakuwepo. Karani aliyewaandika, binti mmoja anaitwa Imakulata, aliapa kwamba aliyaona majina kwenye kompyuta kwa macho yake. Nani amsikilize? Walimfukuza kazi. Marieta akarudi Nambis, na kabla ya mavuno jicho la kushoto likazima. La kulia, daktari alisema, halitasubiri safari nyingine ya madaktari.

Kwa hiyo siku yenyewe ndiyo ilikuwa hiyo. Marieta alikaa ng'ambo, barazani kwa kituo, katikati ya wagonjwa na ndugu zao, na kikapu chake miguuni. Tangu jana yake usiku hakuwa ametia kitu mdomoni, hata maji, kwa sababu wanaopasuliwa huambiwa wasile wala wasinywe. Isidori alikaa nasi tangu asubuhi, sikio lake likiwa kwenye kipaza sauti kinachoita majina. Walikuwa wameita wengi. Saa nane ilikuwa imepita, na sauti ilikuwa imenyamaza kwa muda.

Bunge alimwambia asiwe na wasiwasi. Mara hii jina haliwezi kupotea, kwa sababu yeye Bunge mwenyewe amelivalia njuga, na tena la masika anajua lilipotelea wapi.

BUNGE: Ile ilikuwa mambo ya mipaka, wazee. Majina yanapita kwenye waya kwenda mkoani. Zamani mkoa wetu ulikuwa Arusha. Sasa umegawanywa, lakini waya nani kauambia? Jina likafika pale njia panda ya Makuyuni likasimama. Liende Arusha, au liende Babati?

WAYA: Yaani jina limesimama njia panda linafikiri.

BUNGE: Mwenda pole hajikwai.

KOMBAINI: Hiyo methali imeingiaje hapo?

BUNGE: Imeingia. Lilienda pole, ndiyo maana halikufika.

Waya alicheka kwa pua. Akasema Bunge awaachie wenye umeme umeme wao. Waya, alieleza, haufiki Makuyuni wala wapi. Kompyuta zote ziko humo humo ndani, moja dirishani, moja chumba cha madaktari, na kubwa yao imefungiwa kabatini. Hadi hapo alikuwa anasema kweli, na angenyamaza angebaki na heshima.

WAYA: Sasa sikieni. Herufi kwenye kompyuta zinashikiliwa na umeme. Umeme wetu ukimaliza kupanda milima kuja huku umechoka kabisa, mnauona kwenye taa. Ukichoka, herufi zinalegea. Majina marefu ndiyo yanaanguka kwanza.

KOMBAINI: Marieta ni jina refu?

WAYA: Wameandika na la baba yake. Siku ile umeme si ulikatika jioni? Basi. Yalimwagika yote.

BUNGE: Maji yakimwagika hayazoleki.

Hiyo, kwa bahati mbaya, iliingia. Tukanywa kahawa. Philomena alipita na birika akatujazia, na alipofika kwa Isidori alimtazama usoni kabla ya kumimina. Isidori alishika kikombe lakini hakunywa. Nadhani aliona haya kunywa na mke wake ana kiu pale mbele.

Gidabuday alikuwa anachora chini na fimbo. Yeye akisema husema taratibu, Kiswahili chake kina mawe ya Kidatooga, lugha ya kwao, ndani yake, na ukimkatisha haanzi tena.

GIDABUDAY: Kwetu ng'ombe ana alama ya sikio. Unaweza kumpa maji, kumpa majani, kulala naye. Kama hujamkata sikio, akitoka boma ni wa mtu yeyote. Yale majina hawakuyakata sikio.

BUNGE: Jina halina sikio, bwana.

GIDABUDAY: Ndiyo maana limetoka. Lilirudi kwake. Mimi nasema jina la mama lilifika Nambis kabla ya mama mwenyewe. Siku ile kama mngeuliza majirani, mtu angesema alisikia hatua.

KOMBAINI: Hatua za jina?

GIDABUDAY: Kama za ndama. Nyepesi.

Hapo ndipo kijiwe kilipoharibika, maana Waya akiona mtu amemzidi uongo hapati usingizi. Alisogea mbele akashusha sauti. Akasema amewahi kusikia kwa fundi mwenzake wa Haydom kwamba mashine hizi mpya zina akili ya kuchagua. Zinajua nani atapona na nani hatapona. Zikiona mgonjwa ameshafika mbali, zinamfuta, ili madaktari wasipoteze muda juu yake.

Isidori aliweka kikombe chake juu ya benchi taratibu sana, akaangalia ng'ambo. Philomena alimwambia Waya anywe kahawa yake. Hakuinua sauti, ila Waya alikunywa haraka mpaka akajiunguza. Mimi nilitamani kumpiga. Tuna tabia moja mbaya hapa kijiweni: msiba wa mtu tunautafuna kama kashata, mpaka tukumbuke kwamba mwenyewe amekaa katikati yetu.

Ndipo mlango wa kituo ukafunguka akatoka kijana mwembamba, begi la kompyuta begani, macho mekundu ya kukosa usingizi. Akavuka barabara, akasimama mbele yetu kwa adabu.

— Shikamooni wazee.

Tukaitika marahaba, Gidabuday naye akaitika kwa kuinua fimbo. Kijana akaomba kahawa. Philomena alimuuliza ni wa wapi, akasema anaitwa Kelvin, ametoka Arusha, na ndiye aliyetengeneza programu ya kituo. Aliitwa kuja kuirekebisha kabla madaktari hawajaanza, akabaki wiki nzima kuiangalia, na leo kamaliza.

Bunge alijisogeza kumpa nafasi akasema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Kelvin alikaa. Nilitegemea Bunge amvamie kwa maswali, lakini kabla hajafungua mdomo Isidori aliongea, na Isidori akiongea sisi sote tunageuka, kwa sababu si kila siku.

ISIDORI: Kijana. Masika jina la mke wangu liliingia kwenye mashine yako. Kesho yake halikuwepo. Lilikwenda wapi?

Kelvin aliangalia ndani ya kikombe.

KELVIN: Halikwenda popote, mzee. Halikuwahi kuingia.

BUNGE: Karani aliliona. Karatasi ilitoka na namba.

KELVIN: Ni kweli aliliona. Ni yeye peke yake aliyeliona.

Akatueleza. Alieleza polepole, na ninajaribu kuyarudisha kama alivyoyasema. Ile kompyuta ya kabatini ndiyo yenye hifadhidata, ghala la taarifa zote. Ndani ya ghala kuna kazi zimeandikwa tayari na kuhifadhiwa humo humo, kila kazi na jina lake. Programu ya dirishani haiandiki yenyewe. Inaita tu kazi kwa jina. Karani akibonyeza, programu inaita: sajili mgonjwa. Ile kazi inaandika jina, inatafuta kitanda, inatoa namba, inajibu sawa. Lakini maandishi hayo ni ya muda. Ghala linayashikilia pembeni, likisubiri amri moja ya mwisho ya kusema thibitisha. Kabla ya amri hiyo, anayeyaona ni yule yule aliyeyaandika. Ukiuliza dirishani, jina lipo. Ukiuliza chumba cha madaktari, hawalijui. Na umeme ukikatika kabla amri haijatolewa, ghala linarudisha kila kitu nyuma, kama vile hakuna mtu aliyekuja.

GIDABUDAY: Hakukatwa sikio.

KELVIN: Sijui mambo ya sikio, mzee wangu. Inaweza kuwa hivyo.

KOMBAINI: Sasa hiyo amri ya mwisho ilitakiwa itolewe na nani?

Akasema hapo ndipo penye kosa. Zile kazi za ndani ya ghala aliziandika mtu mwingine, yuko Dar es Salaam. Yule hakuweka amri ya kuthibitisha ndani ya kazi, na aliacha makusudi, kwa sababu aliona anayeita ndiye anayejua shughuli yake imekamilika lini. Yeye Kelvin, aliyeandika programu inayoita, hakuweka pia. Alidhani kazi ikiitwa inajithibitisha yenyewe ikimaliza.

KELVIN: Yeye alijua nitathibitisha mimi. Mimi nilijua amethibitisha yeye. Hatukuulizana.

WAYA: Hukuijaribu?

KELVIN: Nilijaribu Arusha, kwenye mashine yangu. Ile yangu ilikuwa imewekwa kuthibitisha yenyewe kila hatua. Hapa waliizima hiyo, ili jina na kitanda viingie pamoja au visiingie kabisa. Ni jambo zuri kuizima. Ila ukiizima lazima wewe mwenyewe uthibitishe.

KOMBAINI: Na miezi yote ile kabla ya masika mbona majina hayakupotea?

KELVIN: Kila jioni karani alikuwa anafunga programu vizuri kabla ya kwenda nyumbani. Ikifungwa vizuri, mawasiliano na ghala yanapokatwa yale yanayosubiri yanathibitishwa. Kwa hiyo asubuhi kila kitu kipo, hakuna anayeshtuka. Siku ile umeme ulikatika kabla hajafunga.

Nilimfikiria Imakulata. Kila jioni alikuwa anafunga mashine yake kwa utaratibu, bila kujua kwamba utaratibu wake ndio unaowaponya watu macho, na siku umeme ulipomnyang'anya nafasi hiyo wakamwita mzembe. Philomena aliuliza kama huyo binti atarudishwa kazini. Kelvin alisema amekwishawaambia wakubwa kosa si lake, na wamesema wataliangalia. Philomena akasema Imakulata alishahamia Babati, anauza mitumba, na mama yake huku hasalimiani na watu.

BUNGE: Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

Tulimwangalia sote mpaka akaona haya, jambo linalotokea mara moja kwa mwaka.

Isidori alikuwa bado analifikiria lile la kwanza. Akasema kwao Nambis wanalijua jambo la namna hiyo. Kikao cha Wairaqw hakiishi kwa maneno, hata yawe mazuri vipi. Mwisho mzee anasimama anaomba, anataja mvua, anataja watoto, anataja mipaka ya nchi, na kila anapotua watu wanaitikia kwa pamoja. Wakishaitikia, jambo limefungwa. Mzee akiomba na watu wasiitikie, hata kama mmekubaliana tangu asubuhi, mmepoteza mchana wenu.

KELVIN: Ndiyo hiyo, mzee. Hakuna aliyeitikia.

ISIDORI: Sasa umerekebisha?

KELVIN: Nimerekebisha. Na kituo wameongeza kitu juu yake, wasirudie aibu. Sasa hivi karani hawezi kuthibitisha mpaka mgonjwa, au mume au mke wake, afike dirishani aweke kidole gumba kwenye wino, apige chapa kwenye kadi. Akishaona chapa, ndiyo anabonyeza Thibitisha, na programu yangu inatoa ile amri. Bila kidole jina linakaa pembeni, jioni linafutwa. Wameeleza tangu Jumatatu.

Alisema kwa fahari kidogo, fahari ya mtu aliyekosea akasahihisha. Nami sikuona ubaya, aliistahili. Halafu macho yake yakashuka kwenye mikono ya Isidori iliyokuwa juu ya magoti.

KELVIN: Mzee, wewe uliweka kidole siku gani? Wino wenyewe ni mbaya, hautoki wiki nzima.

Isidori aliinua mkono wake wa kulia akautazama. Akaugeuza. Akaangalia na wa kushoto. Vidole gumba vyote viwili vilikuwa vya mkulima, vimepasuka, na havikuwa na wino.

ISIDORI: Mimi niliambiwa tayari.

KELVIN: Na mama? Aliweka mama?

Isidori alisema mama hakufika dirishani. Alimleta leo alfajiri, akamkalisha barazani, wakaanza kusubiri jina.

Nikamgeukia Bunge. Bunge akamgeukia Waya.

Nitaeleza ilivyokuwa, kwa sababu dakika zile ilibidi tuikokote kwa vipande. Kwetu mtu mwenye shida hajisemei. Anatafuta mtu wa kumsemea, iwe ni posa, iwe ni ugomvi wa ng'ombe kwenye shamba, iwe ni kitanda cha hospitali. Isidori alimwomba Bunge amsemee. Bunge, kwa kuwa karakana ya Waya imeshikana na kituo, akampa Waya kadi ya Marieta aipeleke. Waya alikwenda kweli, Jumanne, akamkuta karani mpya, karani akaingiza jina. Waya akamwona anabonyeza, akaliona jina kwenye kioo.

WAYA: Lilikuwepo. Nililiona.

KELVIN: Hakukuambia habari ya kidole?

WAYA: Aliniambia mzee apite pale. Sasa nilijua ni kupita tu, kuchukua kadi. Nikamwambia Bunge, wamepokea, mzee apite pale.

BUNGE: Wewe uliniambia wamepokea. Mimi nikamwambia mzee tayari. Wakishapokea si ndiyo tayari?

Hakuna hata mmoja aliyekuwa amesema uongo. Kila mmoja alifanya sehemu yake akairudisha na jibu zuri, na jibu lilivyozidi kusafiri likazidi kuwa zuri. Nilimuuliza Isidori, nadhani kwa ukali kuliko nilivyotaka, kwa nini hakwenda mwenyewe hata mara moja kuhakikisha, na kituo kiko hatua chache kutoka kwenye benchi hili.

ISIDORI: Nilikuwa nimetuma watu. Ukimtuma mtu, akarudi akakuambia tayari, halafu ukaenda kuuliza nyuma yake, umemwambia nini?

Bunge aliinamisha kichwa. Methali zote zilimwisha.

Kelvin alikuwa ameshasimama. Aliacha begi lake juu ya benchi, akavuka barabara anakimbia, akagonga dirisha lililokuwa limefungwa. Alizunguka mlangoni akaingia. Wakati huo huo geti la nyuma likafunguliwa, na yale magari mawili meupe ya madaktari yakatoka, masanduku ya vifaa yamefungwa juu kwa kamba. Yakapita mbele yetu taratibu, kwa sababu barabara ni mbaya, na ningeweza kulishika la mwisho kwa mkono. Tuliyatazama. Wanaume wazima watano, hakuna aliyenyanyuka. Mpaka leo sijui tulikuwa tunasubiri nani asimame kwanza.

Kelvin alitoka nje akayaona yakikata kona ya kushuka Dareda. Akayakimbilia mpaka pale penye kona, akasimama. Hakurudi kwetu mara moja.

Barazani watu walianza kunyanyuka. Waliofungwa bandeji walishikwa mikono na ndugu zao, wengine wakacheka, wakaanza kuulizana habari ya basi. Marieta alibaki amekaa. Alikuwa amesikia magari, maana alikuwa amegeuza uso kuyafuata, na baada ya hapo akaurudisha mbele, akaendelea kukisikiliza kipaza sauti. Wakati ule jicho lake la kulia lilikuwa bado linaona kidogo, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la mlango.

Isidori hakuweza kusimama. Alisema kwa sauti ndogo:

ISIDORI: Nikamwambie nini?

Hapo Gidabuday alinyanyuka. Alivuka barabara kwa ile hatua yake ndefu, akamsalimia mama, akampa ncha ya fimbo aishike, naye akashika ncha ya pili. Mtu wa Getanuwas hamshiki mke wa mtu mkono. Wakaja hivyo, yeye mbele, Marieta nyuma na kikapu chake, akikanyaga kwa uangalifu.

Waya alitoka kwenye benchi akasimama pembeni. Bunge akafuata. Tukampisha akae karibu na mume wake. Alipapasa akaupata mkono wa Isidori, akakaa, akatuamkia sote kwa ujumla, akauliza kama wale waliokwenda na magari ni madaktari au ni wageni wao. Isidori alikaza mkono wake.

Philomena alikuwa ameinamisha birika juu ya kikombe cha mwisho. Kahawa ilitoka nusu, nyeusi, na machicha. Alitikisa birika, hapakuwa na kitu tena. Alikiangalia kile kikombe muda mrefu, akaangalia ng'ambo palipofungwa, halafu akaja akachuchumaa mbele ya Marieta. Akaichukua mikono yake miwili, akaizungushia kikombe.

— Kunywa, mama, alisema.

Marieta alisikia joto la kikombe. Alikisogeza karibu na mdomo, akasita. Kisha akageuza uso upande wetu, akitutafuta kwa lile jicho moja.

— Ninaruhusiwa sasa?

Tulikuwa wanaume wanne na mume wake. Hakuna aliyemjibu.